Kopo la Majivu

Ndoo nane za rangi, tupu, nilizitoboa vitako
kwa msumari wa moto, nikazipanga ukutani hapa Segerea,
kila moja na mche wake wa nyanya chungu.
Mwezi wa kwanza miche iliniheshimu.
Wa pili majani machanga yakaanza kupauka,
njano katikati, mishipa bado kijani,
kama ramani ya mito katika nchi yenye ukame.

Bi Mwajabu wa nyumba ya pili akachungulia:
"Hilo jicho, Mwalimu. Kuna mtu amezisifu."
Hakuna aliyezisifu. Wala mimi si mwalimu.
Miaka thelathini na moja nimefuta meza za maabara,
nimehesabu mirija iliyovunjwa na Kidato cha Pili.
Jicho silijui, ila najua pa kuuliza.

Kabatini, nyuma ya vyeti,
kuna kijitabu cha karatasi za litmasi,
zawadi niliyojipa mwenyewe siku ya kustaafu.
Nikachota maji ya kisima, haya tunayouziwa kwa dumu,
yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika
na kuifanya sabuni kuwa bahili wa povu.
Karatasi ikazama nyekundu,
ikatoka buluu.

Nikakoroga udongo wa ndoo ya tatu kwa maji ya mvua,
nikangoja utuame, nikachovya.
Buluu tena, na ya haraka,
kama mtu aliyekuwa akisubiri kuulizwa.

Hapo ndipo nilipoligeukia kopo.

Kopo la maziwa ya unga, mdomo umeliwa na kutu.
Kila Jumamosi kijiko kimoja kwa kila shina,
kama alivyofanya Edeltruda,
kama nilivyoendelea mimi tangu tumzike,
bila kukosa hata Jumamosi ya homa.
Majivu ni kama magadi, Edeltruda.
Nililijua hilo kabla sijakujua wewe.
Mara ngapi nimewaandalia watoto wa watu jaribio lile,
majivu kwenye bika, karatasi, buluu, haya andikeni,
halafu jioni narudi nakukuta umeinama na kijiko,
nami nasema, "Pole na kazi."

Wala hukukosea. Kule kwenu Mbinga
udongo ni mwekundu na mchachu, mvua imeuosha
mpaka ukasahau chumvi yake;
mama yako alikufundisha kuutuliza kwa majivu,
na mahindi yakakubali.
Huku maji yenyewe yanapanda kutoka chini
yamebeba chokaa mgongoni.
Dawa ni ileile, mgonjwa ndiye mwingine.
Na mimi niliyejua nikawa nakushikia kopo.

Sasa nakinga mvua kwenye bati. Pipa likijaa nashukuru,
lisipojaa nakamua ndimu kwenye maji ya kisima:
tone, koroga, chovya,
tone, koroga, chovya,
mpaka karatasi isite, iwe zambarau, isijue iende wapi,
kisha tone moja la ziada,
maana mmea huu unapenda uchachu kidogo, kama mchuzi.
Shemeji Kolumba bado anatuma kahawa kwa basi,
furushi limeandikwa jina lako. Sijamwambia abadilishe.
Machicha nayaanika, nayafukia kuzunguka mashina.

Wiki ya tano. Ndoo ya sita imekufa, sina la kusema.
Ya tatu imetoa jani moja, dogo kama sikio la panya,
kijani mpaka ukingoni.
Bi Mwajabu kaliona. Nimemwomba asilisifu.

Kopo sijalitupa.
Jumamosi ikifika mkono unalitafuta wenyewe,
nami naupa kazi: nasugua sufuria lako,
lile la ugali, lenye sikio moja,
nasugua hadi naona uso humo ndani.
Wangu.