Mchungaji wa Saa Mbili Usiku

Kwa mama Semkiwa, barabara ya kumi na nne, Ngamiani,
televisheni huanza kuhubiri saa mbili kamili.
Mchungaji wa tamthilia ana suti nyeupe isiyoshika vumbi.
Akiinua mkono, radi inapiga;
akiushusha, binti aliyepagawa anafumbua macho
na wanja wake haujafutika.

Tuko tisa, wa kumi mgongoni.
Bi Mwanakheri wa mlango wa pili, katoka kuswali Isha,
ananiuliza bila ubaya wowote:
"Na kwenu kanisani huwa hivi?"
Nikacheka. Kicheko si jibu.

Kwetu feni moja inazunguka, ya pili imekufa tangu Pasaka.
Padri Mhina anakohoa, anapoteza ukurasa,
na nyuma kabisa mtu analia taratibu
wala hapana kamera ya kumgeukia.

Nimerudi chumbani. Nimefungua kauntabuku,
ile ambayo nyuma ina madeni ya maandazi.
Nimeandika: *Bwana alikuwa pamoja nasi Bombo, wodini.*
Nimefuta.
Sikumwona. Nilichokiona ni hiki:
dada yangu Blandina alitamani chungwa.
Nikatoka barazani kulimenya, chungwa la Muheza,
nikarudi na ganda moja refu, halikukatika popote,
najivunia, Mungu anisamehe,
nikakuta shuka limeshamfunika uso.
Sikuomba.
Nililila lile chungwa, nimesimama, mbegu nikazitia mfukoni.

Nasoma nilichoandika. Kinapendeza.
Hapo ndipo ninapokiogopa.
Kwa kuwa lile ganda lilikatika, mara mbili, labda tatu,
nami nimeliunga hapa kwa wino
kama yule wa suti anavyoungiwa radi.

Amri inakataza kumshuhudia jirani uongo.
Kuhusu marehemu haikutaja,
lakini Blandina alikuwa jirani yangu kitanda kimoja
miaka kumi na mmoja, miguu yake mbavuni mwangu.

Nimefuta tena. Karatasi imetoboka.
Pembeni ya tundu nimeandika: *lilikatika.*
Neno moja, na kalamu imeruka herufi.
Sijui kama hii ni sala. Nimeiwekea tarehe.

Ng'ambo ya ukuta pepo anapiga ukelele wa kutoka,
kisha tangazo la sabuni,
kisha sauti ya Bi Mwanakheri ikiuliza
mbona leo nimeondoka mapema.