Wageni Watano

Saa mbili asubuhi nimesoma vipimo.
Theluji kwenye nguzo: sentimita themanini na moja,
jana ilikuwa tisini.
Nyuzi mbili juu ya sufuri. Upepo wa kusini, mwanana.
Paa linadondoka tangu alfajiri,
na mto chini ya barafu umeanza kusema peke yake
kama mtu anayeota.

Mjini wananitaka neno moja kabla ya adhuhuri:
joto, au baridi.
Fomu yao ina visanduku, na hakuna kisanduku
chenye nafasi ya *huenda*.

Lakini huku Alatau hata mtoto anajua
kuna Wageni Watano.
Walipita zamani, majira haya haya, makoti mepesi,
wamedanganywa na jua kama hili.
Walikutwa bondeni wamekaa duara,
mmoja bado ameshika buli.
Tangu hapo hurudi kila Aprili. Siku hawataji.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa wanatupa sisi sepetu,
tunafukua mpaka tumfikie kondoo,
na tukimfikia tunamfukia tena.

Nurtaza yuko dirishani, hajashuka farasi.
Majike mia mbili na kumi, tumbo ziko chini,
na zizini amebakiwa na marobota matatu ya nyasi.
"Ulbolsyn, nipande au nisipande?"
Nikamwambia ramani ya mjini ni nyekundu hadi Jumapili,
wingu hakuna.
"Sikuuliza ramani," akasema.

Jina langu lenyewe ni utabiri.
Baba alikuwa na mabinti watatu; nilipofika mimi, wa nne,
akaniita Ulbolsyn, yaani *na awe wa kiume*,
akimtumia Mungu barua kwa mgongo wangu.
Akaja wa tano.
Msichana.
Mama alicheka mpaka nyuzi za mkunga zikamuuma.
Basi nilijua, kabla ya chuo, kabla ya barometa,
jinsi mbingu inavyoombwa
ikaendelea na shughuli zake.

Mwaka juzi niliandika: joto.
Nurtaza akapanda. Hakunilaumu.
Aliniletea ngozi ya mwanakondoo, ndogo kama kofia,
akaiweka mezani juu ya fomu,
akanywa chai, akaenda.
Ninayo. Barometa imekaa juu yake, isiteleze.

Leo sindano imeshuka chembe. Chembe tu.
Na mbwa wangu amehamisha watoto wake
kutoka ukuta wa jua hadi chini ya sakafu,
mmoja mmoja, bila haraka.
Mjini hawana kisanduku cha mbwa.

Nimeandika *joto* kwa wino, maana ndivyo ilivyo.
Pembeni, pasipo na mistari, kwa penseli:
*andaeni vikombe vitano zaidi.*

Kisha nikamfungulia Nurtaza ghala.
"Chukua marobota sita. Usipande hadi Jumanne."
"Ni ya ng'ombe wako haya."
"Najua ni ya nani."
Akayafunga kwa kamba, akatazama juu:
buluu tupu, haina hata aibu.
"Na wasipokuja?"
"Basi ng'ombe atakununia wewe."

Akacheka kidogo, akageuza farasi.
Nyuma yangu paa limeacha kudondoka.
Sijui ni saa ngapi limeacha.