Themanini na Saba

Kwa tarakimu za huku, nane ni paa la nyumba
na saba ni mikono miwili iliyoinuliwa kuomba.
Zuweina amepata themanini na saba.
Nimeigeuza karatasi juu chini, mbele ya dirisha namba sita,
nikidhani labda ipo namna nyingine ya kuisoma:
paa likawa mikono, mikono ikawa paa,
na bado ni themanini na saba.

Ufadhili kamili unaanzia themanini na nane.

Kijana wa nyuma ya kioo hakuwa na ubaya.
Kanzu imenyooka, ananukia udi wa asubuhi.
Akaniambia: Ami, upo mlango wa pili,
wa wenye kipato kidogo. Una cheti cha mshahara?
Ninacho. Nilikuwa nacho mfukoni tangu alfajiri,
kimekunjwa mara nne kama hirizi.
Akabonyeza, akatazama, akabonyeza tena.
Umezidi, akasema. Riali kumi na mbili.

Nazijua hizo kumi na mbili.
Ni posho ya zamu ya usiku, ghala la manispaa, Samail,
ninakolinda matairi na mabomba
na paka mmoja asiyetaka kulindwa.
Mwezi zilipoongezwa nilinunua nguru mzima.
Leo ningezirudisha pamoja na miiba.

Nikamwendea mkuu wangu: nipunguzie.
Alicheka mpaka akavua miwani.
Miaka ishirini na mbili kwenye kiti kile,
hajapata kuombwa hilo.

Mamake Zuweina hakucheka. Alifungua kabati,
akatoa bangili mbili, akazipima kwa kiganja,
akairudisha moja.
"Hii ya mwakani," akasema,
akakimbilia jikoni, maana wali ulishaanza kuungua.

Chuo cha kulipia kina lifti na maua ya plastiki.
Mhasibu, bibi wa Kikerala mwenye sauti ndogo,
alininyooshea vidole vinne: hundi nne,
mia nne thelathini na tano kila moja,
tarehe saba, tarehe saba, tarehe saba.
Nikaandika Oktoba. Nikaandika Januari,
miezi ambayo bado hainijui,
na hundi si mchezo hapa; ikirudi mikono mitupu
nitakwenda kuieleza polisi.
Penye Machi mkono ukanicheza.
Saba iliyonitoka ilikuwa imeinama, imeshakuwa nane.
Zuweina aliegemea bega langu, kimya,
kisha akaichukua kalamu kama mtu anayempokea mzee mzigo.
"Baba," akasema, "saba inatazama juu."

Anataka kusomea dawa. Tangu darasa la tisa
anatusomea vikaratasi vya ndani ya maboksi,
madhara yote, hata yale ya mmoja katika elfu kumi,
na bibi yake haumezi kidonge mpaka asikie.

Usiku huu niko zamu.
Tochi, chupa ya chai, kitabu cha kusaini kila saa.
Nimepiga hesabu nyuma ya risiti:
kwa kumi na mbili za mwezi,
hundi moja ni miezi thelathini na sita na wiki moja.
Nimeirudia, labda nimekosea.
Sikukosea.
Paka kapanda juu ya rundo la matairi, kajikunja.
Saa nane na dakika saba nimesaini,
nimezunguka uzio, makufuli yote yamefungwa,
nikarudi nikaigeuza risiti upande wa pili,
upande uliobaki mweupe.