Tokeni

Zamani neno hili lilikuwa la stima tu:
tarakimu ishirini kwenye simu,
unazibonyeza moja moja gizani
mpaka kisanduku kipige mlio, taa irudi.

Sasa Ochola wa orofa ya pili ananiambia
kuna tokeni nyingine.
Haiwashi taa. Inalipa kicheko.

Nilikuwa nachekesha bure, ndugu yangu.
Miaka minne juu ya paa la ploti yetu, Pipeline,
kati ya kamba za nguo, mashuka ya watu ndiyo pazia langu,
namwigiza Bwana Mutinda mkusanya kodi:
kikohozi chake mlangoni, funguo zake,
ile "habari ya hapa?" isiyongoja jibu.
Watu laki mbili walinitazama mwezi wa Aprili.
Laki mbili! Na jioni ile ile nikakopa unga.
Mwenye jukwaa, sijui anaishi wapi,
alikula kuku, mimi nikala sifa.
Sifa haina mchuzi.

Basi nikahamia huko kwa Ochola.
Anayependa, sarafu.
Anayechangia neno, naye sarafu.
Na yote huandikwa katika daftari
ambalo halina mwenyewe
maana limeshikwa na wote,
na lililoandikwa humo halifutiki.

Wiki ya kwanza nilinunua mtungi wa gesi.
Nasema bila aibu: mtungi mzima, kilo sita,
kwa kikohozi cha Mutinda.
Niliupandisha mwenyewe mpaka orofa ya sita,
nikipumzika kila sakafu ili majirani wauone.

Wiki ya pili sarafu ikashuka bei nikiwa usingizini.
Nilioga nikiwa na kodi nzima,
nikavaa viatu nikiwa na nusu yake.

Halafu mama akafa.

Sikuigiza chochote. Niliandika tu:
Mama amepumzika, Keroka, alfajiri.
Pole zikamiminika kama mfereji siku ya maji.
Pole Kerubo. Pole sana dada. Mungu akutie nguvu.
Mia tisa na kumi na mbili.
Nilizisoma nikilia, nikiwashukuru watu,
mpaka nikaona, chini ya kila pole,
namba ndogo ya kijani:
kiasi alichopata aliyenipa.

Nekesa, tuliyelala kitanda kimoja shuleni,
pole yake ilimletea shilingi kumi na nne.
Nikamhesabia. Nakiri, nilimhesabia,
kisha nikajihesabia mimi:
msiba ulilipa kuliko Mutinda.

Niambie basi, Ochola, wewe unayejua kanuni zake:
katika daftari hilo lisilodanganya
ipo safu ya kuonyesha nani alilia?

Gathoni naye ana daftari dukani,
la miraba, gamba limeraruka, linanuka mafuta ya taa.
Jina langu limo tangu yale mafuriko.
Niliporudi kutoka mazishini alilifungua,
akalamba kidole, akatafuta ukurasa,
akapiga mstari juu ya deni langu.
Mstari mmoja, kalamu nyekundu.
Hakusema pole.
Alinisukumia pakiti ya maziwa, akamgeukia mteja mwingine.

Sisemi nitaacha. Sina mdomo huo;
kodi ni tarehe tano, na lile jukwaa la kwanza
halikunipa hata njiti ya kiberiti.
Jana nimepanda tena juu ya paa,
nimekohoa, nimetikisa funguo, watu wamecheka,
namba za kijani zimepanda.

Ila juzi Nekesa alipofiwa na mumewe
sikuandika. Nilimpigia.
Salio likakatika katikati ya kilio chake,
nikateremka orofa zote sita, ndala mkononi,
kutafuta jingine.