Mchepuo

Kidato cha tatu walitupanga kwa viganja.
Mkuu wa shule, Mwalimu Masanyiwa, alikaa
chini ya saa iliyosimama saa nne na robo,
akasema, "Onyesha," nasi tukaonyesha,
mmoja mmoja, kama watoto wanaokaguliwa kucha.

Bituro wa Ukerewe, mwenye makovu ya uzi wa nyavu,
akapewa Biashara.
Lugwisha, mtoto wa karani, kiganja laini kama andazi,
akapewa Kilimo, "ili mikono ikomae."
Changu kilikuwa na wino hadi kwenye kifundo.
Hakukitazama sana. "Kimu," akasema,
na kalamu yake ilishafika kwa Ng'wasi.

Kayenze, mwaka wa sabini na nne.
Shule ya mabati juu ya majabali,
ziwa likimetameta nyuma ya choo.

Watu wa Biashara waliigawa dunia kwa mstari mmoja wa penseli:
kinachoingia kushoto, kinachotoka kulia,
marobota kumi na mawili ya pamba, duka la kubuni,
na mteja wa kubuni aitwaye Bwana Fulani
ambaye hakulipa deni lake hata siku moja.
Watu wa Kilimo walipima matuta kwa kamba yenye mafundo.
Mvua ya mwaka ule haikuisoma kamba.

Sisi tulichemsha mayai kwa dakika za kuhesabu mdomoni,
maana saa ilikuwa ile ile ya ofisini.
Kitabu kilitaka siagi, kilitaka oveni,
kilitaka samaki ambaye hakuna aliyewahi kumwona.
Bi Nyamizi akakifunga.
"Leteni furu," akasema.
Furu wadogo, senti hamsini fungu.
Tuliwachora kwanza, pezi kwa pezi,
kisha tukawakaanga.
Mchoro ninao mpaka leo.
Furu wenyewe, sangara alikuja na njaa yake.

Lakini karakana!
Karakana ilikuwa na dirisha lisilo na kioo,
na ndani, ya kijani, imekazwa sakafuni kwa boliti nne,
mashine ya kukereza.
Ilishuka melini ndani ya sanduku la mbao,
wavulana ishirini na wawili wakaipandisha mlimani
wakihesabu hatua kwa Kisukuma.
Umeme ulikuwa umeishia mjini.

Kila Ijumaa waliipaka mafuta.
Miaka miwili waliipaka mafuta.
Waliijua kama sala: kichwa, kitanda, taya, mkia.
Wakaandika mtihani, wakafaulu,
na hakuna hata mmoja aliyesikia sauti yake.
Nami dirishani, sufuria mkononi, eti natafuta makaa,
nikiitikia moyoni:
kichwa, kitanda, taya, mkia.

Juzi nimeshuka Mabatini
na shafti ya mashine yangu ya kusaga, imelika upande mmoja.
Kijana aliipokea bila salamu, akaipima kwa jicho.
Nyuma yake, kijani ileile, imebanduka mabegani.
Sikuuliza ilitoka wapi.
Akabonyeza.

Nilitarajia ngurumo.
Miaka hamsini nilikuwa nimeiwekea ngurumo.
Kumbe inakohoa kidogo, kisha inanong'ona
kama mtu anayesoma barua peke yake.

"Mkia umelegea," nikasema. "Kaza."
Akageuka. "Mama, kwani ulisoma ufundi?"
"Hapana. Nilisoma kimu."
Akacheka. Halafu akaukaza.

Utepe wa chuma ukaanza kuchomoka,
mrefu, umejikunja, bila kukatika,
kama ganda la kiazi ambalo Bi Nyamizi
angelipa alama zote kumi.
Ukaanguka karibu na ndala zangu.
Nikauokota. Ukaniunguza kiganja.

"Elfu thelathini," akasema kijana.
Nikampa ishirini na tano.