Kopo la Risiti

Mjini Ishpeming, wiki ya pili ya Novemba,
theluji ikiwa imefika magotini,
Bi Lempi Kangas aliweka juu ya kaunta yangu
bunduki ya marehemu mumewe
na kopo la kahawa lililojaa risiti.

"Wewe ndiye fundi. Nipigie hesabu.
Miaka thelathini nilimwambia: jikaze, nunua iliyo bora.
Shemeji yangu Arvid alinunua ya bei mbaya, siku moja,
kitako cha mbao ya jozi, akamaliza.
Huyu wangu alianza na ya dola mia mbili na tisa,
duka lenyewe linauza na soksi.
Nani alipunjika?"

Nikavaa miwani.
Sisi tuliokulia Urambo tulifundishwa mapema: rahisi ghali.
Mwalimu yuleyule akatufundisha haba na haba.
Hakutuambia siku methali hizo zikikutana mlangoni
ni ipi ipite kwanza.

Kifyatulio kipya: kile cha zamani
kilikuwa kizito kama ndoo ya kisima kirefu.
Kitako: cha plastiki kilipasuka kwa baridi.
Darubini tatu. Ya kwanza iliota ukungu,
ya pili ilihamahama kama mpangaji mwenye madeni,
ya tatu ilizidi bei ya bunduki yenyewe mara tatu.
Mtutu. Skrubu. Skrubu. Mtutu tena.

Kwa sheria ya hapa, bunduki ni kile kipande cha chuma
kilichochongwa namba; vingine vyote ni mavazi.
Ndicho pekee kilichosalia cha siku ile ya kwanza,
kama mtu aliyebadili mji, kazi na meno
akabaki na jina alilopewa na bibi yake.

Na nyuma ya risiti, kwa penseli:
*Mgodi umefunguliwa tena.*
*Aili ameota jino.*
*Saa za ziada, wiki sita.*
*Lempi ametoka hospitali.*
Ile ya mtutu wa pili haina neno,
ina duara la kikombe tu.

Ya Arvid naijua. Huniletea kila vuli niipake mafuta.
Ni nzuri, sisemi uongo:
ukiifunga, chuma hakigongi, kinapumua.
Lakini mawingu yakitanda Arvid huiacha kabatini,
huenda porini na ya kuazima.
Ya Reino.
Reino akabaki kambini akikoroga supu.

Nikajumlisha mara mbili,
maana dola mia nne zilikuwa zimejificha kwenye skrubu.
"Reino alilipa zaidi," nikasema. "Si haba."

"Nilijua!" Akapiga kaunta kwa kiganja.
"Nilimwambia! Nilimwambia!"
Kisha akageuka nyuma,
kama mtu aliyeshinda ubishi wa miaka thelathini
na sasa anamtafuta aliyeshindwa.

Nje, gari la kukwangua theluji lilipita.
Akazikunja risiti moja moja, akazirudisha koponi.
Nikamtajia bei ambayo ningeinunua.
Hakuisikia, au aliisikia.

"Hiki kitako kinacheza kidogo," akasema.
"Kukikaza ni kiasi gani?"

Skrubu moja. Dola nne.
Nikamwandikia risiti.
Akaigeuza upande wa pili,
akauliza kama nina penseli.