Kumposea Chui

Tangi lina lita mia tano na arobaini.
Limekaa sebuleni kwangu, Swansea, chini ya dirisha
ambalo mvua hulipiga tangu Oktoba kama anayedai kodi,
na ndani yumo mmoja tu:
samaki wa madoa, asili yake mito ya Nikaragwa,
futi moja na inchi mbili,
taya la chini limechomoza kama la mtu aliyeudhiwa na salamu.
Dukani wanamwita chui.
Mimi namwita Bwana Forodha,
maana hakipiti kitu mbele yake bila kukaguliwa.

Nimemletea wenzake, si mara moja.
Perege wawili wa bluu waliingia Jumatatu.
Alhamisi nilimwokota mmoja nyuma ya pampu, hana mkia.
Wa pili sikumwokota kabisa.
Kambare mdogo mwenye miiba mapezini
alimezwa, akakwama,
nikakesha na koleo na taa ya simu hadi saa tisa usiku
nikimtoa mtu kooni mwa mtu.

Gwilym mwenye duka hauzi kwanza. Anauliza.
Kama mshenga aliyewahi kuaibishwa na ndoa moja
anauliza lita ngapi, joto nyuzi ngapi,
amekulia peke yake au na ndugu,
ana pango? Analipenda sana?
"Usimletee anayeenea mdomoni mwake.
Wala usimletee anayefanana naye,
atadhani ni kioo kimemjibu.
Mtafutie asiyetaka anachokitaka yeye."

Nikamwambia kwetu tunasema
mafahali wawili hawakai zizi moja.
Akafikiri, huku akikwangua mwani kwa ukucha.
"Hilo zizi," akauliza, "lina ukubwa gani?"

Nilirudi kwa basi bila samaki,
methali nzima imenivuja njiani.

Nyumba yangu ina vyumba vitatu. Viwili havina mtu tangu Mei.
Idris wa Omdurman alikaa wiki sita.
Kijana wa Cardiff alikaa tatu, akaondoka akaacha sufuria.
Maziwa yangu yana jina langu kwa wino usiofutika.
Rafu ya juu ya friji ni yangu.
Ya katikati pia, kihistoria.
Sisemi zaidi. Shairi hili ni la samaki.

Mwishowe tulimchagua mfyonzaji:
kambare mkubwa aliyevaa deraya,
mali ya mjane wa Llanelli aliyehamia nyumba ndogo.
Hana haraka, hana wivu, chakula chake ni ukungu wa gogo,
na mchana kutwa hujibandika
kama tangazo lililosahauliwa ukutani.

Jumapili usiku, kabla ya kumwingiza, nilihamisha kila kitu.
Pango nikaligeuza, mlango ukatazama ukuta.
Gogo likasimama palipokuwa na changarawe tupu,
ili mwenyeji akija kukagua milki yake
asiikute,
wawe wageni wote wawili.
Bwana Forodha alizunguka mara nne akiitafuta ofisi.
Nikazima taa. Nikamtia kambare gizani, taratibu.
Nikakaa sakafuni na soksi zilizolowa.
Maji yalipiga kishindo mara moja. Kisha tena.
Kisha pampu peke yake.

Asubuhi: pezi moja limechanika, upana wa ukucha.
Na mdomoni mwa Bwana Forodha mchubuko mweupe,
wa mtu aliyeuma bati.
Mmoja kaskazini, mmoja kusini.

Leo ni siku ya kumi na moja.
Jioni nilipotupa kamba na vipande vya kome
mmoja alikula juu, mwingine akasubiri kinachozama,
na kati yao palikuwa na kama dhiraa mbili,
juzi zilikuwa mbili na nusu.
Sijui kama huo ni ujirani au ni hesabu tu.

Rafu ya katikati nimeifuta kwa siki. Iko wazi.
Sijamwambia mtu.
Ndoo ya dharura, yenye kifuniko,
Gwilym alisisitiza, bado iko mlangoni.